Mkono Uliotangulia

Mashine ya pinboli iliyoundwa Chicago katika miaka ya 1960 na kuingizwa nyumbani leo huwa na hitilafu za aina mbili, na anayetaka kuitengeneza mwenyewe atahangaika sana asipozitenganisha mapema. Aina ya kwanza imeletwa na umri: grisi imekauka, raba zimepasuka, fedha iliyo kwenye ncha za swichi imeingia weusi. Aina ya pili imeletwa na watu. Hapo utakuta waya iliyokatwa na kuungwa mahali pengine, bapa la swichi lililopindwa kwa koleo, fyuzi ya ampea 30 iliyopachikwa palipoandikwa 10. Hoja yangu ni kwamba aina hii ya pili ndiyo inayoziua mashine hizi. Umri una taratibu zake, na anayezijua taratibu hizo anaweza kuusoma. Mkono wa fundi aliyetangulia hauna utaratibu wowote unaotabirika. Ikiwa ni hivyo, basi anayefungua mashine ya namna hii sebuleni au gereji kwake ana sababu ya kuihofia mikono yake kuliko anavyoihofia kutu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona kwa karibu, pinboli ni meza iliyoinama na kufunikwa kioo, ambamo mpira wa chuma unateremka huku mchezaji akijitahidi usizame, akiupiga kwa vijiti viwili viitwavyo flipa. Meza za mwanzo, mfano Baffle Ball ya David Gottlieb ya mwaka 1931, hazikuwa na umeme hata chembe. Umeme uliingia muda mfupi baadaye, na mwaka 1947 kampuni hiyo hiyo ya Gottlieb ikatoa Humpty Dumpty, ya kwanza kuwa na flipa zinazorushwa kwa umeme. Tangu hapo hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, kabla kompyuta hazijashika nafasi, Gottlieb, Bally, Williams na washindani wao walitengeneza mashine zinazohesabu, zinazokumbuka na zinazoamua bila chipu hata moja. Ukifungua Gottlieb ya mchezaji mmoja ya enzi hizo utakuta transfoma inayoushusha umeme wa nyumba hadi volti 24 au 25 hivi za kuendesha koili, na volti 6 hivi za balbu. Utakuta safu za rilei, kila moja ikiwa ni sumaku ya umeme inayovuta kibao na kusogeza swichi zake. Utakuta pia mota moja inayozungusha magurudumu yenye meno na mabonde, na mota hiyo ndiyo saa ya mashine nzima. Mpira ukigonga shabaha ya pointi 50, mota inazunguka kipande cha duara na kutoa mipigo mitano, kila mpigo ukilisogeza gurudumu la makumi hatua moja. Kumbukumbu ya mashine ni mahali gurudumu liliposimama. Zima umeme ukalale, urudi kesho: alama za jana bado ziko pale pale, kwa kuwa hakuna kilichozifuta.

Maana yake ni kwamba kila tendo la mashine lina mahali pake linapoonekana kwa macho, na kila uchakavu una dalili yake. Chukua flipa iliyolegea, malalamiko ya kawaida kuliko yote. Koili yake ina waya mbili zilizoviringishwa pamoja: nene ya kurushia na nyembamba ya kushikilia. Flipa ikiwa imelala, ncha za swichi ndogo iliyo jirani na mkono wake zimegusana, na umeme unaikwepa waya nyembamba ukapita wote kwenye ile nene. Flipa inapomaliza safari yake, mkono unaisukuma swichi hiyo, ncha zinaachana. Sasa umeme hauna budi kupita waya zote mbili, mkondo unapungua, na mchezaji anaweza kushikilia kitufe bila kuichoma koili. Ncha zikiwa chafu, umeme unapita waya zote mbili tangu mwanzo, na flipa inanyanyuka kichovu. Zisipoachana, flipa ina nguvu tele, ila mchezaji akiishikilia kwa muda, chumba kinaanza kunuka vanishi iliyoungua. Asiyejua haya ataagiza koili mpya, ataifunga, na flipa itabaki vile vile, kwani koili haikuwa na kosa. Anayejua atainama na tochi, aitazame swichi yenye ukubwa wa ukucha, na kabla hajagusa chochote atakuwa anajua yuko upande gani wa tatizo.

Grisi nayo ina tabia yake. Vihesabu vya hatua, vile vinavyokumbuka ni mpira wa ngapi unachezwa au ni michezo mingapi ya bure imebaki, ni sahani za bakelaiti zilizopigwa misumari midogo ya shaba, na vidole vya shaba vinatambaa juu yake. Grisi ya miaka 50 hugeuka kitu kama gundi ya kahawia. Kidole kinakwama katikati ya safari, springi haina nguvu ya kukirudisha, na mchezo mpya unaanzia mpira wa tatu. Hakuna fumbo hapo. Fungua, safisha kwa spiriti, futa, rudisha bila kupaka grisi mpya nyingi.

Fumbo kidogo liko kwenye hitilafu inayowatisha wageni kuliko zote: unabonyeza kitufe cha kuanza, mota inanguruma, na hainyamazi. Inazunguka tu. Wengi huchomoa waya ukutani, wakadhani mota ndiyo mbovu. Lakini mota inatii amri, na swali ni nani anaendelea kuitoa. Kwenye Gottlieb nyingi, mchezo hauanzi mpaka magurudumu yote ya alama yarudi sifuri; mota inatoa mipigo, kila gurudumu linasogea, na likifika sifuri swichi yake inajitoa kwenye mzunguko. Mota isiyonyamaza inasema kwamba kuna gurudumu bado linadai halijafika. Basi kayatazame. Kama liko moja lililosimama kwenye 7, gurudumu hilo halisogei, na shida ni koili yake, au uzito wa uchafu, au mpigo usiolifikia. Kama yote yanaonyesha sifuri, liko moja linalosema uongo: limefika, lakini swichi yake haijaachana. Hapo unakata kipande cha kadi, unakiingiza katikati ya ncha za swichi ya gurudumu la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. Mota ikinyamaza umempata mwongo wako. Zingatia kwamba katika jaribio zima hakuna kilichopindwa, kilichokatwa wala kilichosuguliwa. Kadi ikitoka, mashine iko kama ilivyokuwa. Ndiyo maana kifaa cha thamani zaidi katika kazi hii ni ule mchoro wa umeme wa kiwandani, karatasi kubwa inayotaja kila rilei, kila swichi, na rangi ya kila waya. Bisibisi inafuata nyuma kwa mbali.

Sasa tuuangalie mkono. Mashine hizi hazikuundwa kwa ajili ya sebule. Ziliuzwa kwa wafanyabiashara walioziweka kwenye baa, migahawa na kumbi za michezo, wakagawana sarafu na mwenye mahali. Mashine iliyozimika Ijumaa jioni ni hasara inayoonekana, na fundi aliyetumwa hakutumwa kuielewa. Alitumwa kuifanya imeze sarafu tena. Swichi ikisumbua, aliiunganisha moja kwa moja ikawa haina kazi tena. Fyuzi ikikatika mara mbili, aliweka kubwa zaidi, au akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Transfoma nyingi za Gottlieb zina pointi ya pili ya kuunganishia, iliyowekwa kwa ajili ya majengo yenye umeme hafifu. Fundi asiye na muda wa kusafisha swichi za flipa alihamishia waya huko, kila koili ikapigwa kwa nguvu iliyozidi kidogo, mashine ikachangamka, na miaka yote iliyofuata ikawa inajigonga yenyewe. Simlaumu. Alifanya kazi aliyolipwa, na kwa hesabu ya Ijumaa ile alifanya vizuri. Ila kila suluhisho lake lilificha dalili badala ya kuondoa sababu, na aliyekuja baada yake alikuta dalili mpya, mahali pengine, isiyo na uhusiano wa wazi na kosa la asili.

Sheria nayo ilipitisha mkono wake humo ndani. Jiji la New York, chini ya meya Fiorello La Guardia, lilipiga pinboli marufuku mwaka 1942 kwa kuihesabu kamari, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1976, mchezaji Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani kuwaonyesha kwamba mchezo unahitaji ujuzi. Kwingineko mashine iliruhusiwa lakini mchezo wa bure ukahesabiwa ni zawadi ya kamari. Gottlieb wakajibu mwaka 1960 kwa mashine iliyoitwa Flipper, iliyomzawadia mchezaji mpira wa ziada badala ya mchezo. Mbali na hayo, ndani ya kisanduku kuna plagi ndogo za kuchagua mipira mitatu au mitano, alama za kufikia ili upate mchezo wa bure, na iwapo bahati nasibu ya tarakimu ya mwisho itafanya kazi au la. Kwa hiyo mashine isiyotoa mchezo wa bure huenda ni nzima kabisa. Mwenye baa wa zamani aliamua hivyo, au jimbo lake lilimwamulia. Mabadiliko ya namna hii hayana ubaya, kwa sababu kiwanda kiliyatarajia, kikayaandikia maelezo, kikayawekea mahali pake. Ubaya uko kwenye yale yasiyoandikwa popote.

Wanaoshughulika na hati za kale za tenzi wanalifahamu tatizo hili kuliko mafundi. Hati iliyotobolewa na wadudu inasikitisha, lakini tundu ni tundu: unajua hapa palikuwa na neno na sasa halipo, na unaweza kulitafuta kwenye nakala nyingine. Mnakili aliyekuta mshororo asiouelewa akauandika upya ukapendeza, huyo ndiye aliyefanya kosa gumu, kwa sababu kazi yake haina tundu. Inasomeka vizuri. Mhariri anaweza kuipita mara mia bila kujua kwamba mtungaji hakusema vile. Ndani ya pinboli, waya iliyolehemiwa kwa ustadi mahali pasipo pake ni mshororo wa mnakili. Mita itaonyesha umeme unapita, jicho litaona kazi safi, na ni mchoro peke yake utakaokuambia kwamba waya ya rangi ile haikupaswa kufika pale.

Kuna pingamizi ambalo mafundi wazoefu hulitoa hapa, na lina uzito. Wanasema mashine iliyolala kwenye ghala miaka 30 haistahili kusomwa. Isafishwe yote kwanza: kila swichi, kila kihesabu, kila plagi, raba zote zibadilishwe, asilimia kubwa ya matatizo yataondoka yenyewe, na ndipo mchoro utafutwe kwa ajili ya machache yatakayobaki. Kufuata mchoro kwenye mashine chafu, wanasema, ni kupoteza wiki kutafuta hitilafu ishirini moja moja wakati chanzo ni kimoja. Nakubali nusu ya maneno hayo, na nusu yenyewe inaunga mkono ninachosema. Uchafu ni umri, na umri hugusa kila kitu kwa usawa, hivyo dawa yake inaweza kuwa ya jumla. Kuosha sahani za bakelaiti, kubadilisha mikono ya nailoni iliyo ndani ya koili, kuvuta kipande cha karatasi ngumu katikati ya ncha za fedha: kazi hizi haziondoi chochote mahali pake. Ila neno "kusafisha" katika vinywa vya wengi huingiza kazi mbili nyingine kimyakimya, yaani kupiga tupa na kupinda.

Tupa ina mahali pake. Swichi zinazobeba mkondo mkubwa, kama zile za flipa, zina ncha za tungsteni, madini magumu yanayokubali tupa bila manung'uniko. Swichi za rilei zina ncha za fedha, laini na nyembamba, na fundi mwenye bidii anaweza kuzimaliza kwa dakika chache. Kupinda ni hatari zaidi. Kwenye rilei moja, mabapa ya shaba hupangwa ghorofa juu ya ghorofa, na umbali kati ya kila jozi haukuwekwa kwa kubahatisha: jozi hii lazima igusane kabla ile haijaachana, au rilei itajikatia umeme wake yenyewe katikati ya kazi. Anayepitia rafu nzima akisawazisha kila pengo kwa macho, kwa nia njema, kwa kuwa pengo moja limemwonekea dogo, anaweza kuigeuza mashine yenye hitilafu tatu ikawa na kumi na tatu, na zile kumi mpya hazina dalili ya umri itakayomsaidia. Mashine ilifanya kazi siku ilipotoka kiwandani. Swichi haijipindi yenyewe ndani ya kisanduku kilichofungwa. Kama imepinda, kuna aliyeipinda, na aliyeipinda huenda alikuwa anaficha jambo jingine. Pinda, basi, swichi moja ambayo mchoro umekufikisha kwake, na uisimamishe mikono hapo.

Hitilafu za kuja na kuondoka zinaisumbua hoja hii kidogo, nami sitajifanya hazipo. Flipa inayokataa mara moja kati ya kumi, rilei inayoshika mashine ikiwa baridi na kuachia ikipata joto: mchoro hautaji mambo hayo, na mara nyingine hakuna njia ila kuchokoa kwa kijiti cha mbao, kutikisa plagi kubwa zinazounga kichwa cha mashine na mwili wake, kulehemu upya kiungo kilichopasuka kiasi cha unywele. Mkono unatangulia akili hapo. Hata hivyo, hata kuchokoa kuna namna ya kufanywa kwa utaratibu: eneo moja kwa wakati, na anayechokoa akiangalia ni nini kilichobadilika kwanza.

Pingamizi la usalama lina nguvu kuliko lile la kusafisha. Mashine nyingi za zamani zilikuja na waya wa ukutani wenye pini mbili, bila ya ardhi, huku miguu, reli za pembeni na mlango wa sarafu vikiwa vya chuma. Insulesheni ikichubuka mahali pabaya, chuma chote kile kinaweza kushika umeme wa nyumba, na mtoto anayecheza miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji ndiye atakayejua. Anayesema mtu asiguse chochote kwa heshima ya kiwanda anasema upuuzi. Waya yenye pini tatu iwekwe, ardhi ifungwe kwenye fremu ya transfoma, kwenye mlango na kwenye reli, na kila fyuzi irudishwe kwenye kipimo kilichochapwa. Na anayeleta mashine ya soko la Marekani hadi Mombasa, Dar es Salaam au Muscat akumbuke kwamba inangoja volti 115 hivi na siyo 230 au 240. Bila transfoma ya kushusha, jaribio la kwanza litakuwa la mwisho. Kwa hiyo sheria yangu si kutobadilisha. Ni kubadilisha kile ambacho sababu yake unaweza kuitaja, na ikiwezekana kwa namna ambayo mwingine anaweza kuirudisha nyuma. Balbu namba 47 badala ya 44, kwa mfano, hunywa umeme mdogo na kutoa joto kidogo, ikaipunguzia adha rangi iliyopakwa nyuma ya kioo cha kichwani, ambayo huanza kubanduka na ikianza hairudi. Anayetaka 44 atazirudisha kwa vidole.

Wapo wanaouliza kwa nini tusing'oe rilei zote tukaweka kompyuta ndogo ya bei ya chakula cha mchana, itakayohesabu vizuri zaidi na isiyohitaji karatasi ya kusafishia. Inawezekana kabisa. Lakini historia ya kiwanda hicho hicho inatoa jibu. Gottlieb walipohamia kompyuta mwaka 1977, mfumo wao wa kwanza ulitegemea chipu maalumu za Rockwell ambazo leo hazitengenezwi, na bodi zake zilibeba betri zinazovuja na kula shaba iliyo jirani. Chipu hizo zikifa hazionyeshi chochote. Hakuna tochi wala kadi itakayokuambia zimekufa lini na kwa nini. Wenye mashine hizo wameokolewa na watu waliobuni bodi mpya za kuziba nafasi, nazo siku moja zitahitaji mbadala wake. Mashine ya rilei, iliyo na umri mkubwa zaidi, bado inatengenezeka kwa shaba, springi, lehemu na mtu anayejua kusoma mchoro. Kuing'oa rilei kwa jina la kudumu ni kubadilisha kitu kinachozeeka wazi kwa kitu kinachozeeka kwa siri. Na anayesema haya yote ni makuu kwa kitu cha kuchezea, sina ugomvi naye. Asifungue kisanduku, amwachie mwingine.

Linalonivutia zaidi ni kwamba nyumba imebadilisha hesabu ya kazi hii, na wengi wanaotengeneza nyumbani hawajatambua. Fundi wa baa alikosa muda, na uharaka wake ulikuwa na mantiki: sarafu zilikuwa zinapotea. Mwenye mashine sebuleni hapotezi sarafu yoyote. Mashine ikilala wazi mwezi mzima huku akisubiri kuuelewa mstari mmoja wa mchoro, hakuna anayemdai. Ana kile ambacho fundi yule hakuwahi kupewa, kisha anakitumia kuiga tabia za yule yule: anaunganisha moja kwa moja, anapinda, anapandisha ampea, kwa sababu video aliyoitazama ilimwonyesha mtu akimaliza kwa dakika tano. Kama kuna mtu anayeweza kuitengeneza pinboli ya Gottlieb kama ilivyofikiriwa na walioibuni, ni huyu asiye na haraka. Na akiamua kuwa na haraka, hakuna mwingine wa kumwachia kazi hiyo.

Lakini hata mwenye subira atakosea, na hata asipokosea atabadilisha kitu, na siku moja mashine itauzwa, itarithiwa, itafunguliwa na mgeni. Yeye naye anakuwa mkono uliotangulia. Njia pekee ya kutomfanyia mgeni huyo yale uliyofanyiwa ni kuandika. Weka karatasi pamoja na mchoro ndani ya kisanduku: tarehe; swichi gani umepinda na kwa dalili ipi; waya gani umekuta imehamishwa na umeirudisha wapi; transfoma iko kwenye pointi ipi; kila fyuzi ni ya ampea ngapi; waya ya ardhi imepita njia gani. Andika pia ulichoshindwa kukielewa ukakiacha kama ulivyokikuta. Tumia penseli, maana wino wa kalamu nyingi hufifia, na uibandike bahasha ubavuni mwa kisanduku, mbali na transfoma.